Rubani Aliyepima Mabegi

Nilirudi Nyanungu nikiwa na leseni ya urubani wa biashara na masaa mia mbili na kumi na tatu ya kuruka. Nyumbani walisikia habari ya leseni tu. Mama alipiga vigelegele, majirani wakaja kunipa mkono, na Jumapili ile mzee wa kanisa akasimama kuwatangazia watu kwamba kijiji kimepata rubani. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikiangalia viatu vyangu. Nilikuwa mtu pekee mle ndani niliyejua masaa mia mbili na kumi na tatu yana maana gani.

Kila anayemaliza chuo cha urubani hutoka na masaa kama hayo, yaliyoandikwa moja moja kwenye kitabu chake cha masaa: tarehe, ndege gani, kutoka wapi kwenda wapi, na saini. Kampuni zinazobeba watalii kwa ndege ndogo zinataka mtu mwenye masaa mia tano, nyingine elfu moja. Wanasema si wao, ni watu wa bima. Ukiuliza masaa hayo yanapatikana wapi, unaambiwa yanapatikana kazini.

Baba aliniuliza lini naanza kazi, asubuhi moja tulipokuwa tunawafunga maksai kwenye plau. Nilimweleza habari ya masaa kwa Kikurya, na pale Kikurya kiliponiishia nikachanganya Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya shingo ya ng'ombe.

"Maksai akishafundishwa, analima," akasema. "Huyu wako amefundishwa, halafu anakatazwa shamba mpaka awe amelima sana. Sasa atalima wapi?"

"Hapo ndipo ninapopatafuta, tata," nikasema, kama tunavyomwita baba.

Hakucheka. Alikaza nira, akamwambia kaka ashike mbele, tukaanza kulima.

Lazima nieleze habari za huyu kaka yangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na leseni. Dada yetu alipoolewa, ng'ombe walioletwa walikuwa wa kaka. Kwetu ndivyo ilivyo: ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Alikuwa tayari na mchumba huko Kemambo, na wazee wa pande zote mbili walishakutana. Mimi wakati huo nilikuwa kusini mwa Afrika, nimebakiza sehemu ya mwisho ya mafunzo, na karo ilikuwa imekwisha. Baba alimwendea kaka zizini. Mama ndiye aliyenisimulia. Anasema kaka aliwaangalia wale ng'ombe kwa muda, akasema, "Wauzwe. Mimi nitasubiri." Kisha akaenda kuwapeleka mtoni kunywa maji, kama siku nyingine yoyote.

Kwa hiyo niliporudi na leseni isiyonipa kazi, nililala nyumba moja na mtu ambaye ndoa yake nilikuwa nimeitumia kupanda angani. Hakuwahi kulitaja. Asubuhi aliniamsha twende shambani, na jioni aliniuliza kama nimepata jibu lolote. Baada ya miezi kadhaa akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoanza kuumia kweli.

Mwaka ule wa kwanza niliandika barua pepe kwa kila kampuni niliyoweza kuipata. Mtandao kwetu ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo siku za gulio nilikwenda Tarime mjini nikakaa kwenye duka la kompyuta pamoja na watu waliokuja kuchapa mikataba ya mashamba. Wengi hawakujibu. Waliojibu walisema watahifadhi maombi yangu. Nilipanda basi hadi Mwanza, kisha hadi Arusha, nikiwa na shati moja jeupe ambalo sikulivaa mpaka nifike, lisije likachafuka njiani.

Arusha, katika ofisi moja karibu na uwanja, dada wa mapokezi aliipokea bahasha yangu, akaniangalia usoni, akafungua droo ya chini ya meza yake. Ilikuwa imejaa bahasha kama yangu.

"Sizitupi," akasema. "Lakini sitaki ukae nyumbani ukisubiri simu."

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Wengine wote walikuwa wameniacha nisubiri. Nilitembea hadi stendi nimechoka kuliko nilivyochoka kwa safari yote ya kuja, na kwenye basi la kurudi nililala mpaka Bunda.

Mjomba wangu anakaa Kewanja, pale kando ya mgodi. Nilipompitia alinishauri nijifunze kuendesha malori makubwa. "Lori nalo lina usukani, mura," alisema, "na halina masaa." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amenihurumia. Nilikaa kwake wiki mbili nikilifikiria jambo hilo, nikiyasikia malori hayo mchana kutwa, kisha nikarudi Nyanungu kuvuna mahindi.

Miezi ya nyumbu kuvuka Mto Mara ilikuwa migumu zaidi. Ndege ndogo zilipita juu yetu kila siku zikielekea viwanja vya ndani ya hifadhi. Nilizitambua kwa mlio kabla hazijaonekana, na nilijua rubani amepunguza nguvu ya injini mapema mno au amechelewa. Siku moja kaka aliuliza ile iliyopita ni ya aina gani. Nikamwambia. Akauliza kama ningeweza kuiendesha. Nikasema ndiyo, ile naweza, nikifundishwa wiki mbili. Akaitazama ikiishia nyuma ya kilima, akarudi kung'oa magugu.

Tangazo la kazi lilinifikia kwenye simu. Uwanja mmoja wa changarawe wilaya ya Serengeti, mbele ya Mugumu upande wa Ikoma, unaohudumia kambi zilizo nje ya mpaka wa hifadhi, ulikuwa unatafuta msaidizi. Awe amemaliza kidato cha nne, ajue kutumia redio, awe tayari kukaa porini. Niliandika barua ya maombi na sikutaja kwamba mimi ni rubani. Niliogopa wangeona nimezidi, au wangeuliza kwa nini rubani anaomba kubeba mabegi. Walinichukua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi tulipita na pikapu kuukagua uwanja kutoka mwanzo hadi mwisho, tukiwafukuza pundamilia na swala, na kuangalia kama ngiri amechimba shimo usiku. Ndege ikikaribia, rubani aliita kwenye redio, nami nilimwambia upepo unatoka wapi na kama uwanja ni mweupe, yaani hauna mnyama wala gari. Ikishatua, nilipokea mabegi, nikapanga ya wanaoondoka kwenye mizani, nikaandika uzito wa kila abiria na mzigo wake kwenye karatasi, nikamkabidhi rubani. Kisha ndege ikaondoka, na vumbi likanirudia mimi.

Nilifanya kazi na mlinzi wa uwanja, mzee wa Kiikoma ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu kabla sijafika. Alikuwa ameuona uwanja ule ukisafishwa kwa mapanga. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba na kuniambia habari za goti. Siku ya tatu au ya nne aliniangalia nilipoweka redio chini.

"Wewe unaongea kama wao," akasema.

Nikamweleza. Alijipaka dawa gotini, kisha akanishauri nisiwaambie madereva wa kambi, kwa sababu watanicheka. Ushauri huo niliufuata karibu mwaka mzima, na ulinisaidia.

Niliyemwambia mwenyewe alikuwa rubani mmoja mwanamke, mtu wa makamo, ambaye ndege yake ya injini moja ilitua kwetu karibu kila siku. Tulimwita Kapteni tu. Alikuwa haongei sana, na alikuwa na tabia ya kuizunguka ndege yake akiigusa gusa kwa kiganja kabla ya kupanda. Siku moja nilimwambia kwamba tairi la mbele limelika upande mmoja. Akainama, akaangalia, akaniuliza nimejuaje kuangalia pale. Nikamwambia nina leseni na masaa mia mbili na kumi na tatu.

"Yako tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa."

Alitikisa kichwa. Hakusema pole. Wiki iliyofuata alikuwa anakwenda bila abiria kwenye uwanja wa jirani, akaniambia nikae kiti cha kulia. Ilikuwa dakika kumi na nne. Alinipa usukani tukiwa juu, na mikono yangu ikakumbuka kila kitu. Baada ya hapo, kila alipokuwa na safari tupu na bosi wangu akiruhusu, alinichukua. Hayo hayakuwa masaa. Ndege ile inahitaji rubani mmoja tu, na aliyekaa kulia ni kama mzigo wenye macho. Nilijua hivyo, na nilirudi uwanjani kila mara nikiwa na furaha ambayo ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Wakati huo leseni yangu nayo ilikuwa inazeeka. Cheti cha afya kinakwisha kila mwaka, na vipimo vinafanyika mbali. Kuna mitihani ya angani ya kurudia. Leseni ya rubani asiyeruka inaozea mfukoni, na kuifufua kunamgharimu kama vile bado anajifunza. Sehemu kubwa ya mshahara wangu ilienda huko, kulinda kitu ambacho sikukitumia.

Mtu aliyesoma na mimi chuoni alikuja Sirari kuwaona ndugu zake, akaniita tuonane. Yeye ni wa upande wa Kenya, na alikuwa amepata kazi kwao akiendesha ndege za mizigo. Alikuwa amenenepa. Tulikula nyama ya kuchoma, akanisikiliza, kisha akanitolea siri yake bila kunong'ona. Masaa yake alikuwa ameyaandika tu. Alichukua namba ya ndege moja ya mafunzo iliyouzwa nchi nyingine, akaandika masaa mia mbili na zaidi juu yake, akatafuta saini.

"Hakuna mtu hucheck hizo vitu," aliniambia. "Utakaa ukipima mabegi mpaka lini? Ukishaingia, utaruka ya ukweli, na hizo za uongo zitakuwa zimesahaulika."

Akaniandikia namba ya ndege hiyo kwenye simu yangu.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Nilijifungia kwenye chumba nilichopanga kijijini karibu na uwanja, nikafungua kitabu changu cha masaa, nikachukua penseli. Nilijiambia ni majaribio, nione tu itakavyoonekana. Niliandika mstari mmoja, kisha wa pili, na mkono ukazoea. Kufikia saa nane mchana nilikuwa na masaa themanini na sita kwenye kurasa mbili na nusu. Yalionekana ya kweli. Yalikuwa na safari ndefu na fupi, na hata siku moja niliyogeuza njiani kwa sababu ya mvua.

Ilinibidi nichague tarehe, na hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nikichagua siku za msimu wa kulima, kwa sababu sikuwa na kazi wakati huo na hakuna aliyeweza kusema nilikuwa mahali pengine. Lakini mimi nilijua nilikuwa wapi. Tarehe moja niliyoiandikia masaa matatu na nusu ilikuwa siku nira ilipovunjika katikati ya shamba, na kaka akaibeba begani hadi kwa fundi, kwenda na kurudi kwa miguu, huku mimi nikiwashikilia maksai kwenye manyunyu. Niliikumbuka kwa sababu aliporudi alikuwa na mkate kwenye mfuko wa koti, na tuligawana tukiwa tumesimama. Niliuangalia mstari ule kwa muda. Kisha nikachukua kifutio nikaanza kufuta, kutoka chini kwenda juu, nikapuliza vumbi la kifutio, nikalala.

Sikujihisi mtu mwema. Nilijihisi mjinga mara mbili, mara ya kwanza kwa kuandika na mara ya pili kwa kufuta.

Miezi miwili baadaye Kapteni alitua saa nne asubuhi, akashuka akanifuata mpaka kwenye mizani. Alisema rubani mkuu wa kampuni yao anatafuta vijana wawili, na kwamba yeye amemtajia habari zangu. Masaa yalikuwa machache, lakini kama yeye mwenyewe angenidhamini, huenda wangezungumza na watu wa bima. Alitaka kitabu changu akipeleke. Kesho yake nilikileta kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili kisipate vumbi.

Alikifungua akiwa amesimama kwenye kivuli cha bawa, akakipitia ukurasa mmoja mmoja. Alipofika mwisho wa maandishi, akafunua kurasa zilizofuata ambazo zilikuwa tupu. Akasita. Akatoka kivulini, akainamisha kitabu juani, akakigeuza kidogo huku na huku.

"Hapa paliandikwa nini?" akauliza.

Penseli ilikuwa imeacha mikwaruzo. Kwenye jua la saa nne ilisomeka hata pale niliposimama mimi.

"Masaa ambayo sikuyaruka," nikasema.

"Mangapi?"

"Themanini na sita."

"Nani aliyafuta?"

"Mimi."

"Kabla sijakuomba kitabu, au baada?"

"Kabla. Muda mrefu kabla."

Alikifunga, akanirudishia. "Nakuamini," alisema. "Lakini rubani mkuu hatakuamini. Na nikimpelekea hiki, hataniamini na mimi."

Akaenda akaizunguka ndege yake, akaigusa gusa, akapanda. Mlinzi alikuwa mbali hakusikia kitu, lakini alipouona uso wangu hakuniambia habari za goti siku ile.

Nafasi mbili zile walipewa wengine. Kapteni aliendelea kutua, akanisalimia kama kawaida, akauliza upepo. Hakuniita tena kwenye kiti cha kulia. Sikumlaumu. Nilibandua karatasi ya tangazo la kazi ya urubani niliyokuwa nimeibandika ukutani, nikaanza kufikiria tena maneno ya mjomba kuhusu malori.

Jambo lililofuata lilitokea msimu wa joto, mchana wa saa saba. Kundi la watalii wapiga picha lilikuja kutoka kambi moja na masanduku ya kamera. Karatasi waliyokuja nayo ilionyesha uzito mdogo. Nilipopandisha masanduku kwenye mizani, sindano ilikwenda mbali zaidi. Nilipima tena. Rubani wa siku hiyo alikuwa kijana wa kampuni nyingine, ambaye tayari alikuwa amechelewa kwa safari mbili. Aliniambia niandike namba za kambi.

Nilimwambia mizani inasema vingine. Joto lilikuwa kali, na hewa ya joto haibebi ndege vizuri. Uwanja wetu ni mfupi na uko juu, na kule mwisho kuna miti ya migunga. Upepo mdogo uliokuwepo ulikuwa unatoka nyuma. Haya yote aliyajua, labda kuliko mimi.

"Wewe ni mpima mabegi," akasema. "Mambo ya ndege niachie mimi."

"Ndiyo, napima," nikasema. "Na hiki ndicho nilichopima. Nikiandika kingine, saini iwe yako, si yangu."

Sikusema kwa ujasiri. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na nilikuwa nafikiria kodi ya chumba. Mwongoza watalii alipandisha hasira, wageni wakauliza kuna nini, na yule rubani alisimama akiangalia ile karatasi kwa muda mrefu. Mwishowe alishusha masanduku mawili, akaniambia yapande ndege ya jioni, akaondoka bila kunitazama. Ndege ilikimbia karibu uwanja wote kabla haijanyanyuka. Mlinzi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake, alisimama juu ya goti lake bovu kuitazama ikipita juu ya migunga. Ilipita. Alikaa tena.

Kambi ililalamika kwamba wageni wao wamekosa kamera zao jua lilipokuwa linazama. Bosi wangu hakuwa na jinsi. Aliniambia nikapumzike nyumbani wiki mbili, mambo yapoe, na kwamba hana uhakika na baada ya hapo.

Nyanungu nilimkuta kaka anatengeneza uzio. Nilishika upande wa pili wa mti, tukafanya kazi. Tulipomaliza akachota maji, akanipa, akasema, "Nimesikia kuna watu wamepeleka posa Kemambo, kwa yule yule."

Niliacha kunywa.

"Sikuambii ili uharakishe," akasema. "Nakuambia ili usiwasikie watu wengine wakisema. Yeye amewakatalia. Lakini baba yake anazeeka."

Usiku huo sikula vizuri, na kesho yake niliamka mapema nikamwomba baba msamaha, kwa ajili ya ng'ombe na miaka yote ile. Baba alionekana kushangaa. Alisema ng'ombe waliuzwa na mtu mzima aliyekubali, na kwamba nisimfanye kaka yangu mtoto. Halafu akaniagiza niende kununua chumvi ya mifugo.

Simu ya Kapteni iliingia siku ya kumi, nikiwa dukani na mfuko wa chumvi mkononi. Alikuwa amesikia habari ya masanduku. Yule rubani kijana mwenyewe ndiye aliyemsimulia, kwenye chumba cha marubani, kama kichekesho kwanza, halafu si kama kichekesho. Pia kulikuwa na jambo jingine, na sitaki kulificha, kwa sababu bila hilo nadhani bado ningekuwa kwenye mizani. Wakala mmoja mkubwa wa watalii alikuwa ameanza kudai kwamba ndege zote zinazobeba wageni wake ziwe na marubani wawili. Kampuni zilihitaji ghafla watu wa kukaa kiti cha kulia, kwa sheria, na masaa yao yakihesabiwa.

"Lete kitabu chako," akasema. "Kilivyo. Rubani mkuu akiona zile kurasa, utamweleza mwenyewe jinsi ulivyonieleza mimi."

Aliziona. Nilimweleza, nikiwa nimevaa lile shati jeupe. Alinihoji saa nzima, nusu yake kuhusu joto na uzito na urefu wa uwanja, na hakuniambia kama ameniamini. Barua ilikuja baada ya wiki sita. Nilianza kama rubani msaidizi, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, mshahara ukiwa mdogo kuliko wa dereva wa kambi. Nilipomuaga mlinzi wa uwanja, aliniombea heri kwa Kiikoma, kisha akaniuliza kama huko niendako kuna mtu anayeuza dawa nzuri ya viungo.

Watu hufikiri uchovu huishia hapo. Siku ya kwanza nililia kidogo, chooni, haraka. Baada ya hapo ilikuwa kazi. Unaamka saa kumi alfajiri, unaruka safari sita au saba, unatua kwenye changarawe, unapakia, unapakua, unafuta matapishi, unakaa juani ukimsubiri mgeni anayepiga picha twiga. Masaa yalipanda. Kufikia masaa mia nne nilikuwa nimesahau kuyaangalia kila jioni.

Kaka alioa mwaka jana. Baba alikusanya ng'ombe kutoka ndama waliozaliwa, nami nikaongeza nilichoweza, na yule binti wa Kemambo alikuwa bado anamsubiri. Niliomba ruhusa mwezi mmoja kabla. Wiki ya harusi marubani wawili wakaugua, na msimu ulikuwa umejaa. Bosi aliniambia kwa upole kwamba nikiondoka ndege mbili zitalala chini, na mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Nilibaki.

Mchana wa siku ile tulikuwa kwenye kiwanja kimoja kandokando ya mto, na simu ikashika mtandao. Nilimpigia kaka. Kelele zilikuwa nyingi, za ngoma na akina mama, na ilibidi atoke nyuma ya nyumba ndipo nimsikie. Nilimwambia nimeshindwa kuja. Alisema anajua, mama alishamwambia.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema bado.

"Basi kula," akasema. "Huku tumekuwekea."

Mtandao ukakatika. Rubani niliyeruka naye siku hiyo alikuwa ameshapanda, na gari la kambi lilikuwa linakuja na wageni wanne. Nilipokea mabegi yao, nikawasaidia kupanda ngazi, nikaingia ndani kuwaonyesha jinsi ya kufunga mikanda.